Hodi ya Mwenye Nyumba

Mama yangu alipiga hodi mara tatu mlangoni kwangu, na mume wangu, aliyekuwa amekaa hatua nne kutoka kwenye mlango huo, hakuitikia hata mara moja. Mama akauweka mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye ngazi, akageuka, akarudi kwao Busisi. Niliporudi jioni kutoka Mkuyuni, kwenye cherehani yangu, niliukuta mfuko pale nje, kuku wa jirani wameshautoboa. Mume wangu Luhende alikuwa ndani anatazama ukuta.

"Mama amekuja?" nikauliza.

"Amekuja."

"Yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Ameondoka vipi bila kuingia?"

Akasema, "Sikusikia hodi."

Mimi nina mdomo, sikatai, na siku hiyo niliutumia wote. "Hukusikia! Kifuniko cha sufuria kikianguka nyumba ya tatu unaruka mpaka ukutani, leo mama mzazi anakupigia hodi sikioni unaniambia hukusikia?" Akachukua ufagio, akaenda kufagia michembe iliyomwagika nje, polepole, kipande kimoja kimoja. Hilo lilinikasirisha zaidi kuliko kama angenijibu vibaya.

Nikampigia mama. Akapokea kwa sauti ya upole kabisa, na hapo ndipo nilipojua nimekwisha.

"Niliiona miguu yake chini ya pazia," akasema. "Soksi za kijani. Mwambie mkwe wangu sina ugomvi naye. Ila nyumba ile sitaingia tena mpaka mwenye nyumba anikaribishe kwa kinywa chake mwenyewe. Sitaki ya kwako, wewe ni mtoto wangu. Nataka ya kwake."

Zamani jambo kama hili lisingetokea. Wakati wa kivuko, mama alikuwa anapiga simu tangu asubuhi, anasubiri foleni Busisi, anavuka, nami nakwenda kumpokea stendi, tunaingia nyumbani pamoja tukicheka. Tangu daraja lifunguliwe anavuka dakika chache tu, tena bila taarifa, akijisikia. Daraja limetuletea maendeleo, na kwangu limeleta hili.

Luhende alikuwa sajenti. Miaka tisa iliyopita alipelekwa Kongo, upande wa Kivu, kulinda amani, akarudi mzima, viungo vyote vipo. Watu wakaja kutupongeza. Mimi mwenyewe nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Ilinichukua muda kuona kwamba aliyerudi anakaa kwa kuazima, kama mgeni anayetazama saa. Alipostaafu miaka miwili iliyopita akafungua karakana ya kuchomelea Nyakato. Anatengeneza milango ya chuma, mageti na grili za madirisha, na ana wateja wengi. Kelele anazozipiga mwenyewe hazimsumbui. Zinazomsumbua ni zile zinazokuja bila yeye kuziita.

Na kila Alhamisi, kwa wiki saba sasa, alikuwa anakwenda kwenye kituo kidogo cha ushauri nasaha nyuma ya kanisa, palepale Nyakato. Padre ndiye aliyemwelekeza. Mshauri wake ni msichana wa miaka isiyofika thelathini, anaitwa Queen. Ndiyo, Queen. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, halafu sikucheka tena, maana kila Alhamisi mume wangu alikuwa anakaa na Queen saa nzima akisema mambo ambayo mimi, niliyemzalia Shimba na kumfulia magwanda miaka kumi na sita, sijawahi kuyasikia. Akirudi namuuliza, "Mmezungumza nini?" Anajibu, "Mambo ya kule." Kule ni wapi, Kivu au nyuma ya kanisa? Hata hilo sikulijua.

Kwa hiyo jioni ile ya michembe nilimwambia wazi. "Afande, nisikilize." Namwita Afande nikiwa na hasira. "Alhamisi hii naingia na wewe kwa huyo Queen wako. Nisipoingia, Ijumaa nachukua cherehani yangu naenda Busisi kwa mama, na sijui nitarudi lini. Siwezi kuishi nyumba moja na mtu ambaye amemfungulia mlango mtu baki, mimi na mama yangu ametuacha barazani."

"Mama Shimba," akasema, "kile chumba ni mahali pekee ambapo nikisema jambo, linabaki hukohuko. Halinifuati nyumbani."

"Na mimi?"

"Wewe ndiyo nyumbani."

Maneno mazuri, eh? Ningekuwa kijana ningelainika. Lakini nilishaona maneno mazuri yakitumika kama komeo, nikaenda zangu kupika.

Kesho yake, Jumatano, sikumuaga Luhende. Nilifunga kibanda mapema nikaenda mwenyewe kumwona huyo Queen. Nilikuta chumba chenye viti vitatu na jagi la maji, na binti mwembamba aliyeinuka mara moja akasema, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba kwa shingo upande. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na shikamoo ilinivurugia mpango.

"Mume wangu anakwambia nini?" nikamuuliza hata kabla ya kukaa.

"Siwezi kukwambia, mama. Hata yeye siwezi kumwambia kwamba umekuja, ukitaka nisimwambie."

"Basi nieleze hivi. Mtu ana mke. Kwa nini atibiwe peke yake kama mjane?"

Hakukasirika. Alinimiminia maji, akafikiri. "Kuna mambo," akasema, "mtu hawezi kuyasema kwanza mbele ya anayempenda. Anaogopa kumwona akibadilika uso. Anahitaji kuyasema kwa mtu ambaye hata akibadilika uso hatalala naye nyumba moja. Ndiyo maana wengi tunaanza nao mmoja mmoja. Na kuna mambo mengine, ukiyaongea na mshauri hata mwaka mzima, yanabaki palepale, kwa sababu yanaishi katikati ya watu wawili. Hayo lazima wawili wayakute pamoja. Shida ni kujua lipi ni lipi, na lini."

"Na la mume wangu ni lipi?"

"Hilo ni lake kusema, mama. Nikikuingiza kwa nguvu, nitakuwa nimembomolea chumba alichonacho." Kisha akaniuliza, "Na wewe? Unaendeleaje?"

"Mimi siumwi."

"Sikusema unaumwa. Nieleze tu siku yako nyumbani inavyokwenda."

Nikamweleza, bila kufikiri. Kwamba vifuniko vya sufuria zangu nimevifunga vitambaa pembeni ili visilie. Kwamba navaa ndala zenye kishindo makusudi anisikie ninapokuja. Kwamba simpiti kwa nyuma. Kwamba nikimwamsha namwita jina kwanza nikiwa mlangoni, ndipo nasogea. Kwamba akila hasemi "karibu" kama watu wote, anasema "sogea", na mashemeji wanasema amekuwa mchoyo tangu arudi kutoka Kongo, nami namtetea kwamba ni lugha ya kambini. Niliyasema yote haya kama mtu anayetaja bei za sare za shule. Nilipomaliza nikakuta Queen ameacha kuandika.

"Mama, hiyo yote nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Umekuwa kwenye zamu miaka tisa," akasema. "Na wewe hujapumzishwa."

Nililia. Nasema ukweli, nililia mbele ya mtoto wa watu mpaka leso ikalowa, na sikuwa na sababu niliyoweza kuitaja. Nilipotoka nilikuwa bado na hasira na Luhende, lakini ilikuwa hasira ya mtu aliyechoka, tofauti na ya mtu aliyetukanwa.

Usiku huohuo nilimwambia nimekwenda. Nilitegemea ang'ake. Akauliza tu, "Amekwambia?"

"Hajaniambia hata neno. Yule binti ana kinywa kigumu kuliko milango yako."

Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza wiki ile. Kisha akasema, "Njoo kesho. Nitaingia mimi kwanza. Nikiweza, nitakufungulia. Nisipoweza, mama Shimba, usinilazimishe."

"Na usipoweza mimi Ijumaa nakwenda Busisi."

"Najua," akasema.

Alhamisi tulikwenda pamoja. Yeye akaingia, mimi nikakaa kwenye benchi nje. Mlangoni kulikuwa na karatasi ambayo Jumatano haikuwepo, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: TAFADHALI USIPIGE HODI. SUBIRI UFUNGULIWE. Nikaisoma nikasonya. Ofisi zetu bwana, binti kapata meza juzi, leo anatupangia namna ya kuingia.

Nusu saa ikapita. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi kanisani, wanarudia mstari mmoja, sauti ya tatu inapotea, mwalimu anawakatisha, wanaanza tena. Dakika arobaini. Nikaanza kuhesabu nguo nitakazobeba Ijumaa. Dakika hamsini. Nikaona basi, ameshindwa, watatoka wote wawili wanitazame kwa huruma, nami sikuja kutazamwa kwa huruma. Nikasimama mbele ya ile karatasi, nikapiga hodi kwa sauti niliyolelewa nayo.

"Hodi!"

Kimya. Mazungumzo niliyokuwa nayasikia kwa mbali yakakatika.

"Hodi humu ndani!"

Kimya. Wala Queen hakuitikia. Nikajua sasa mama yangu alijisikiaje pale kwenye ngazi. Mtu unayejua yupo, unayesikia pumzi yake, anakuacha umesimama na hodi yako mdomoni. Ya tatu sikuipiga. Nilirudi kwenye benchi nikakaa, mkoba mapajani, nikasema moyoni, hapa ndipo ndoa yangu imeishia, kwenye benchi la kanisa.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Luhende. Shati lote limelowa kifuani na mkono wake umeshika fremu kama mtu anayepima kama imenyooka.

"Ulikuwa wewe," akasema.

"Ulitegemea nani?"

"Ingia, mama Shimba. Ingia nikueleze. Lakini lile neno usilirudie."

Nikaingia. Queen alikuwa amesogeza kiti chake nyuma, karibu na dirisha. Luhende akaketi, akaweka viganja vyake juu ya magoti, akaeleza akiwa anatazama jagi la maji.

"Kule watu wanaongea Kiswahili," akasema. "Ndiyo kitu kilichotufurahisha tulipofika. Unatembea kijiji cha watu, mama anakusalimia Kiswahili, mtoto anakutania Kiswahili, unajisahau unadhani uko Sengerema. Tulikuwa na kituo kwenye nyumba ya zamani ya mwalimu. Mvua ilikuwa inanyesha, saa tisa mchana. Mimi nilikuwa zamu, lakini nilikuwa na kikombe cha chai. Nestory alikuwa karibu na mlango anakausha viatu vyake. Unamkumbuka Nestory."

Nilimkumbuka. Mtu wa Ukerewe, mrefu, alikuja kwetu kabla ya safari akala ugali wa watu watatu.

"Utaratibu unajulikana. Mtu akija, unamsimamisha kwa mbali, unamtaka ajitambulishe. Umefundishwa, unaota nao. Sasa mtu akaja mlangoni, akasema, 'Hodi wenyewe.' Hivyohivyo, kwa sauti ya upole, kama jirani amekuja kuomba chumvi. Na mimi nikasema, 'Karibu.' Kabla sijafikiri. Nikaongeza, 'Karibu ndani.' Nestory akasikia nimesema karibu. Akainuka akafungua."

Kwaya iliimba mstari wake wote bila kukatishwa, na sisi tukausikia mpaka mwisho.

"Kwenye ripoti waliandika kwamba tulivamiwa ghafla," akasema. "Hakuna aliyejua kwamba mimi niliwakaribisha. Mke wa Nestory nilimpelekea rambirambi, akaniambia, 'Karibu shemeji.' Nikashindwa kuvuka kizingiti. Tangu siku ile mtu akisema hodi, mdomo wangu unataka kuitikia wenyewe, nami naukamata. Juzi mama alipopiga hodi niliijua sauti yake. Niliijua kabisa. Nikajisemea, ni mama, sema. Neno likafika hapa." Akagusa meno yake. "Nikamwona Nestory anainuka."

Nilitaka kumwambia haikuwa kosa lake. Lakini nilimtazama Queen, nikaona kwamba hilo ameshamwambia, pengine mara saba kwa wiki saba, na lilikuwa limefika mahali likagota. Nami pia sikuwa na hakika nalo. Kusema karibu, ni kosa? Ningekuwa mimi pale na kikombe changu cha chai, ningesema nini? Ningesema karibu. Kila mtu ninayemfahamu kuanzia hapa mpaka Bunda angesema karibu.

"Na mimi ningesema hivyohivyo," nikamwambia.

Akainua macho.

"Nakwambia ukweli. Na ningeongeza, 'Vua viatu, unachafua.'"

Alitoa sauti ambayo nusu yake ilikuwa kicheko, nusu nyingine siijui. Akajifunika uso. Nikasogeza kiti changu, si kwa nyuma, kwa mbele, nikamshika magoti. Tulikaa hivyo.

"Nilitaka nyumba isijue," akasema baadaye. "Nyumba ibaki safi."

"Nyumba inajua, Luhende. Tangu siku ya kwanza inajua. Hata vifuniko vya sufuria vinajua. Mimi tu ndiye sikuambiwa ninachokijua."

Queen alituuliza tunataka iweje kuanzia hapo. Luhende akasema bado anataka Alhamisi zake za peke yake, kuna mengine hajayamaliza. Nilisikia wivu ukinichoma, lakini safari hii nilimwachia. Tukakubaliana Alhamisi moja yake, inayofuata yetu wawili. Tukiwa tunatoka Queen akaibandua ile karatasi mlangoni, akaikunja, akaniomba radhi kwamba hakuweza kunieleza. Nikamwambia anisamehe na mimi, nilimsonya.

Ikabaki kazi ya mama. Ijumaa nilivuka daraja kweli, lakini bila cherehani. Nilimkuta anaanika dagaa, akanipa ungo bila salamu ndefu, tukaanika pamoja.

"Mama, mkwe wako ana sababu."

"Nieleze."

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Luhende alikuwa ameniomba jambo moja tu njiani: habari ya Nestory ni yake, ataisema kwa anayemtaka, siku anayotaka. Mimi, ambaye Mkuyuni nzima wananijua kwa kutokaa na neno, nilisimama pale na ungo wa dagaa nikajifunza jinsi siri ya mtu ilivyo nzito kuishika hata siku moja tu. Yeye aliishika miaka tisa.

"Siwezi kukueleza," nikasema. "Ila sababu ipo, na wala si dharau."

Mama akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Sikutaka maelezo, Wilhelmina. Nilitaka karibu. Nitakuja Jumapili baada ya misa. Akinyamaza tena, hutaniona kwako mpaka nife."

Nilimfikishia Luhende maneno hayo kama yalivyo. Hakulala vizuri Jumamosi. Asubuhi nilimsikia kwenye karakana yake nyingine ndogo ya uani akijaribu peke yake kwa sauti ya chini, "Ka... ka..." halafu anapiga nyundo. Nikamwambia aache, nitampokea mama njiani, tutafanya ujanja wowote. Akasema, "Hapana. Aje mlangoni."

Jumapili saa sita mchana mama alifika. Nilikuwa jikoni, ambako kwetu kunatazamana na sebule. Luhende amekaa palepale, hatua nne kutoka mlangoni, kavaa soksi zilezile.

"Hodi!" mama akaita.

Mgongo wa Luhende ukakakamaa. Mikono yangu ilikuwa kwenye unga nayo ikakakamaa.

"Hodi hapa!"

Neno lilikuwa limenijaa mdomoni. Ningeweza kulisema, lakini mama alishakataa la kwangu, na Luhende alishaniomba nisimlazimishe wala nisimsaidie. Nikauma ulimi. Nikamwona mume wangu anasimama. Akafika mlangoni, akavuta pazia, akaufungua mlango wote mpaka ukagonga ukuta. Akamtazama mama usoni, kisha mikono yake, kisha nyuma yake, kama askari.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba," mama akajibu, na akasubiri. Hakusogeza mguu.

Luhende alisimama pale. Nikahesabu pumzi zake. Halafu akafanya jambo ambalo hata Queen asingelifikiria. Akavuka kizingiti, akatoka nje kwenye ngazi, akasimama bega kwa bega na mama yangu, akageuka uso wake ukaangalia nyumba yake mwenyewe. Akavuta pumzi.

"Hodi!" akaita.

Mama akamgeukia kwa mshangao. "Mkwe, si kwako hapa?"

"Ni kwangu, mama," akasema, na machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi. "Lakini na mimi nilikuwa nje. Sijaingia bado."

Mama yangu ni mtu mzima, amezika watu wengi. Sijui alielewa nini. Alimtazama, akauhamishia mfuko mwingine wa michembe aliokuja nao mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akamshika mkwewe kiwiko, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kisha akanitazama mimi kule jikoni, akaita naye, safari hii kwa sauti ndogo, "Hodi."

Nilifika mlangoni na unga mpaka kwenye viwiko.

"Karibuni," nikasema. "Karibuni ndani."